Diski Inayolala kwa Wifi

Mtaani walimwita Mama Nembo, na jina lilimkaa barabara. Ukimwona mtoto anapita na sweta la shule, kifuani ana mwenge, kitabu au njiwa mwenye tawi mdomoni, jua njiwa huyo ameanguliwa katika chumba cha nyuma cha nyumba ya huyu mama. Makoti ya wahudumu wa zahanati, kofia za walinzi, fulana za timu ya mpira ambayo haijawahi kushinda hata mechi moja, zote zilipita mikononi mwake. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye kiti kilekile, upande wa kulia mashine ya kudarizi, upande wa kushoto kompyuta ya mezani nene, nzito, yenye feni inayokoroma.

Usidhani mashine ndiyo inayofanya kazi. Mashine ni punda, inakwenda inakoelekezwa. Kazi ni kwenye kompyuta. Mteja analeta mchoro kwenye karatasi. Mama Nembo anauingiza kwenye programu yake, kisha anaufuata kwa kipanya nukta baada ya nukta, akiamua sindano itaingia wapi, uzi ulale upande gani, wapi mishono ibanane na wapi ipumue. Uzi wa bawa ukilala upande usio wake, ndege anaonekana kama amenyonyolewa. Nembo ngumu ilimlia siku nne. Watu walioona sweta likitoka kwenye mashine kwa dakika ishirini na tano walisema kazi rahisi hiyo, naye aliwaacha waseme. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mwaka wa sita wa kazi hiyo kompyuta iliingiwa na virusi, akaipeleka kwa fundi wa barabara ya pili. Fundi yule alikuwa na dawa moja kwa magonjwa yote, nayo ni kufomati. Kompyuta nzito? Fomati. Haitoi sauti? Fomati. Ungemletea pasi ya umeme angetafuta pa kuifomatia. Kesho yake akairudisha na tabasamu mpaka masikioni. "Mama, sasa inaruka!" Na kweli iliruka, maana haikuwa imebeba kitu. Nembo zote za miaka sita zilikuwa zimefutika.

Mama Nembo alilia siku mbili. Siku ya tatu alikasirika, na hasira ilimfaa kuliko machozi. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Alijiandikisha kwenye chuo cha kupiga chapa, akakaa darasani na mabinti walio rika la wanawe, na kila kipindi kilipokwisha alimfuata mwalimu wa kompyuta mpaka mlangoni akiwa na swali.

"Mama, kunakili mafaili hakutoshi," mwalimu alimwambia siku moja. "Hiyo ni kuhama na vyombo ukaiacha nyumba. Wewe unataka picha ya diski nzima. Programu, mipangilio, usajili wake, kila kitu kama kilivyo. Hapo umehama na nyumba yenyewe, mpaka misumari ya ukutani."

"Na nyumba ikiungua?"

"Unaisimamisha tena palepale. Ila ujaribu kuisimamisha kabla haijaungua. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni mwavuli ambao hujawahi kuufungua."

Alichora upya nembo zote zilizopotea, moja moja, huku akichora na mpya. Na tangu wakati huo, kila Ijumaa saa kumi jioni, wateja wakija wasije, Mama Nembo alipaka mashine mafuta, akachomeka diski ya nje, akaipiga kompyuta yake picha. Diski zilikuwa mbili. Moja ilikaa kwenye droo ya nyuzi. Nyingine ilikaa kwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, muuguzi aliyekaa upande wa pili wa mji. Wifi alikuja kunywa chai kila Ijumaa. Alikuja na diski moja, akaondoka na nyingine, ile yenye picha mpya. Aliiweka ndani ya soksi ya sufu, kwenye kabati la nguo, na akiulizwa husema mtoto wa wifi yake amelala. Mara moja kwa mwaka Mama Nembo aliitoa diski ya kompyuta akatia nyingine tupu, akairudisha picha yote, kuona tu kama mwavuli unafunguka. Majirani walisema mjane yule ameanza kuchanganyikiwa. Alisikia, akawashonea watoto wao nembo kama kawaida.

Sasa tuje kwa mwanawe wa kwanza. Huyu aliitwa Bosi tangu utotoni, kwa sababu alikuwa akiwatuma hata waliomzidi umri. Alikuwa msimamizi wa ghala katika mji mwingine, na kwa kuwa alikaa mbele ya kompyuta kutwa nzima, aliamini anazijua kompyuta. Ni sawa na mtu anayelala kitandani kila siku akajiita seremala. Lakini sitaki umchukie. Alimpenda mama yake kweli, na ubaya wote wa habari hii ulitokana na mapenzi hayo.

Alikuja likizo ya wiki tatu, akafika Ijumaa moja saa ya chai, na kabla hajamaliza kikombe cha kwanza alikuwa ameanza.

"Mama, umefanya kazi inatosha. Macho hayo, mgongo huo. Pumzika sasa."

"Nilikwambia nimechoka?"

"Si lazima useme."

"Basi usinisemee."

Wifi alicheka, akainuka, akaitia diski kwenye soksi. Bosi akamtazama. "Shangazi, unabeba nini hicho?"

"Kompyuta ya mama yako, mwanangu. Nzima nzima."

Alipoelezwa, Bosi alitikisa kichwa kama mtu mzima anayesikiliza ndoto za watoto. "Mnajisumbua bure. Na hata kikitokea kitu, diski iko kule mwisho wa mji, itasaidia nini? Fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Nyoka mwenyewe yumo humu ndani," Mama Nembo alisema, "na anakunywa chai yangu." Wakacheka wote watatu.

Kesho yake akaja mwalimu mkuu wa shule mpya ya chekechea na mchoro wa kuku na vifaranga watatu. Alitaka masweta thelathini, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, wiki mbili zijazo. Mama Nembo akampa neno lake. Alimchora kuku yule Jumamosi mpaka Jumanne, bawa lilimsumbua, akalifumua mara tatu, na Jumanne jioni akawa amemaliza, kilichobaki ni kushona tu. Jumatano asubuhi akapigiwa simu kwamba mdogo wake amefanyiwa upasuaji wa jicho na hana wa kumuuguza. Akafunga kijibegi, akamwachia Bosi funguo, akaenda kulala huko usiku mmoja.

Alhamisi asubuhi, alipofungua mlango wa mbele, kitu cha kwanza kumpokea kilikuwa harufu ya rangi.

Meza yake ya kazi ilikuwa barazani, mashine ya kudarizi imefunikwa shuka juu yake kama maiti. Chumba cha nyuma kilikuwa cheupe pe, ndani kuna kitanda na godoro jipya ambalo bado lina nailoni yake. Bosi alisimama katikati na brashi mkononi, uso unang'aa.

"Chumba cha wageni, Mama! Wajukuu wakija hawalali tena chini. Kazi ya mashine tutafikiria baadaye, taratibu. Na kompyuta nimekuwekea sebuleni, utakuwa unaongea nao kwa video. Nimeisafisha yote, ilikuwa imejaa takataka. Sasa inaruka!"

Neno hilo la mwisho Mama Nembo aliwahi kulisikia kwa fundi. Akaweka kijibegi chini. "Umeifomati?"

"Usiwe na wasiwasi. Mafaili yako yote nimeyanakili kwanza. Njoo uone."

Akaona. Kwenye kioo palikuwa na picha ya mlima wenye theluji na folda moja imeandikwa VITU VYA MAMA. Ndani yake zilikuwapo nembo zote kwa majina, hata kuku. Akamgusa kuku. Kompyuta ikasema haijui faili hilo lifunguliwe na nini. Akagusa njiwa, akagusa mwenge, ikajibu vilevile. Vyombo vilikuwa vimehamishwa vyote, na nyumba haikuwapo.

"Programu iko wapi, Bosi?"

"Tutaiweka tena. Sidii yake si ipo?"

"Ilipasuka mwaka juzi. Na hata ingekuwepo, lazima isajiliwe na walioitengeneza, nao walishafunga kiwanda. Ile namba yao ya simu inaita mpaka inachoka."

Bosi alianza kukuna shingo. Mama Nembo alikuwa bado ametulia. Alikwenda barazani, akavuta droo ya nyuzi, akaikuta diski mahali pake, akarudi akaichomeka. Ikafunguka. Ilikuwa imejaa video za harusi ya binamu.

"Hiyo nilikuta ina dude moja kubwa tu, halifunguki," Bosi alisema kwa sauti ndogo. "Nikalifuta. Nikajua utapenda kuiona harusi."

Hapo akakaa kwenye mkono wa kochi. Nitasema wazi alichokiogopa, maana yeye hakukisema. Hakuogopa mwalimu mkuu, wala masweta thelathini. Aliogopa miaka yake sitini na miwili. Kuanza upya aliwahi kuanza, na ilimchukua nguvu ambazo hakuwa na hakika kama bado anazo. Na kama hana, basi chumba cheupe kilikuwa kimeshamsubiri, na godoro lake, na nailoni yake.

"Labda ni ishara, Mama," Bosi alisema kwa upole. "Labda ndio wakati wa kupumzika."

Angenyamaza huyu mtoto angepona. Masikio ya Mama Nembo yalipata moto, na moto huo ukashuka mpaka kwenye magoti, akasimama.

"Nisikilize vizuri. Mimi si kabati, sihamishwi nikiwa sipo. Hicho chumba unachokipaka rangi ndicho kilichokulipia ada mpaka ukawa msimamizi wa maghala ya watu. Siku nikichoka nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, na nitakayemwambia wa kwanza si wewe. Nikirudi nataka nikute kitanda kiko barazani na meza iko ndani."

"Unakwenda wapi?"

"Kuchukua fimbo."

Upande wa pili wa mji, wifi hakuwa zamu siku hiyo, yuko uani anaanika nguo. Aliposikia habari alianika shuka la mwisho upande upande, akaingia ndani, akafungua kabati, akatoa soksi. "Mtoto hata hajakohoa," alisema, kisha akauona uso wa wifi yake akaacha utani. "Twende wote. Nataka kumwona huyo mpwa wangu."

Waliporudi, kitanda kilikuwa barazani na meza ilikuwa imekwama mlangoni, Bosi upande mmoja anasukuma, jasho linamtoka. Ilimbidi aitoe miguu ya meza ndipo ikapita. Kiti, mashine na kompyuta alivirudisha ndani mwenyewe, hakuna aliyemsaidia.

Mama Nembo akafungua kopo la vifungo, akachomoa flashi aliyoitengeneza siku ileile aliyopiga picha ya kwanza, ile ya kuiamshia kompyuta isiyo na kitu ndani. Watu wengi hupiga picha wakasahau hiyo, kisha siku ya siku wanabaki na nyumba kwenye mfuko na hawana ufunguo. Akaichomeka. Akachomeka diski ya wifi. Kompyuta ikakoroma, ikawa nyeusi, ikakaa nyeusi muda ambao wifi aliweza kuhesabu pumzi zake. Kisha ukatokea ule ukurasa wa kijivu, unauliza: picha itoke diski ipi, iende diski ipi.

Hapo ndipo penye shimo. Ukikosea upande, unaimwaga diski tupu juu ya diski iliyojaa, na hakuna wa kukuokoa. Bosi alinyoosha mkono kwenye kipanya. "Hii naijua, ngoja..."

Alipigwa kofi mkononi, kofi dogo la kitoto, la miaka thelathini iliyopita. Akaurudisha mkono.

Mama Nembo akageuza diski ya nje juu chini. Kifuko chake cha kitambaa alikuwa amekishonea mwenyewe neno kwa uzi mwekundu: KUTOKA. Akainua kitambaa kilichofunika kompyuta, nacho kina uzi wa bluu: KWENDA. Akasoma kioo kwa sauti, neno kwa neno, akagusa uzi mwekundu. Akasoma tena, akagusa wa bluu. Akasoma mara ya tatu, wifi akasoma naye, ndipo akabonyeza.

Ilichukua saa mbili na dakika arobaini. Mstari wa kijani ulitambaa kioo kizima kwa mwendo wa konokono. Bosi alichemsha chai bila kuambiwa, akaileta kwenye trei, jambo ambalo shangazi yake alisema hajaliona tangu amjue. Mstari ulipofika asilimia sitini na tisa ulisimama, na chumbani hakuna aliyeweka kikombe mezani wala aliyekipeleka mdomoni. Kisha ukaendelea.

Kompyuta ilipowaka, picha ya ile timu ya mpira isiyoshinda ilikuwa kwenye kioo, wachezaji wamejipanga mistari miwili kama ilivyokaa miaka yote. Programu ilikuwa kwenye kona yake. Akaifungua. Haikuuliza usajili wala jina, ilimfungulia kama mtu aliyetoka dukani tu. Nembo mia nne na kumi na mbili. Akamfungua njiwa, akampeleka kwenye mashine, sindano ikaanza kushuka na kupanda juu ya kitambaa cha majaribio, na ndipo Mama Nembo alipofuta macho kwa ncha ya mkono wa blauzi, hadharani, bila kuomba radhi.

"Fimbo ya mbali," wifi alimwambia Bosi.

"Nimeiona, Shangazi."

Bosi akapiga goti karibu na kiti. "Mama, nisamehe. Sikujua."

"Nimeshakusamehe," alisema. Alikuwa akishusha orodha kwa kipanya, polepole, mpaka chini, kisha akapanda tena mpaka juu. "Ila kuku hayupo."

"Kuku gani?"

"Picha ni ya Ijumaa. Kuku nimemchora Jumamosi mpaka Jumanne."

"Lakini mimi nilimnakili! Kwenye flashi yangu nimeshamfuta, ila alikuwa kwenye folda, ulimwona..."

"Folda ilikuwa kwenye diski hii. Nimeifunika yote, ndivyo inavyokuwa. Na ningelikumbuka kumtoa kwanza kama usingeniambia habari za ishara." Hilo lilikuwa kosa lake, na alilijua, na hakutaka kulijadili. Akafungua kijibegi, akatoa mchoro wa mwalimu mkuu, akaubandika ukutani juu ya rangi mbichi. Kisha akainuka kwenye kiti chake, kiti ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukikalia, akakipangusa kwa kiganja. "Siku hizo nne ni zako. Kaa."

Bosi alidhani ni utani. Akamtazama shangazi yake, naye alikuwa anatafuta kitu ndani ya kikombe. Akakaa.

Mama Nembo alimwonyesha mara moja: nukta hapa, nukta hapa, uzi ulale hivi. Yeye akaenda kumalizia makoti ya zahanati kwenye mashine. Alhamisi ile jioni na Ijumaa mpaka saa kumi, walipopumzisha kompyuta ipigwe picha yake, Bosi alikuwa bado kwenye mkia. Jumamosi alifika kwenye bawa. Mama alikuja, akatazama kwa miwani, akasema, "Amenyonyolewa huyu. Fumua." Alifumua. Alifumua tena Jumapili asubuhi, na safari hii hakubisha, kwa sababu aliona mwenyewe kwamba uzi umelala vibaya, na kuona huko kulimshangaza.

"Mama, hizi nyingine mia nne zote ulifanya hivihivi?"

"Hivihivi. Na za miaka sita ya mwanzo nimezifanya mara mbili."

Bosi aligeuka akatazama sweta moja la zamani lililotundikwa mlangoni, lile la njiwa, akafuata kwa macho uzi wa bawa lake.

Jumapili hiyo jioni wifi alipita kuona maendeleo. Alikuta kuku amekamilika na kifaranga wa kwanza na wa pili, mashine inanguruma, na Bosi amejishika kiuno kwa mkono mmoja, macho mekundu, kipanya kimeloa jasho.

"Mama," alisema, "hebu nipumzike kidogo."

Mama Nembo hakugeuka. Alikuwa anakaza fremu iliyoshika koti la mwisho, vidole vyake vyote kumi viko kazini.

"Wa kupumzika si ulisema ni mimi?" alisema. "Kifaranga wa tatu bado hana macho."

Bosi akavuta kiti karibu na meza, akarudisha mkono kwenye kipanya.